Kura ya Mkamwana

Kwa miaka kumi na sita nilimjua baba mkwe wangu kwa kikohozi. Alikohoa mara mbili kabla ya kukata kona ya migomba, ili nipate nafasi ya kuondoka uani au kujifunika. Nilizijua pia nyayo zake, maana kidole gumba cha mguu wa kulia kilikatwa na jembe zamani, na niliijua kengele ya baiskeli yake hata ikiwa mbali upande wa barabara. Uso wake sikuujua. Kwa Kinyakyusa tunaita ukutila: mkamwana hamtazami baba wa mumewe, hasemi naye, halitaji jina lake, na wakikutana njiani ni mkamwana anayeingia porini. Siku hizi wengi wameiacha. Mchungaji ameihubiri mara nyingi kwamba ni mzigo wa bure, na hapa hapa Talatala wako wakamwana wanaokula meza moja na wakwe zao na hawajadhurika. Lakini nyumba niliyoolewa mimi iliishika, nami nikaishika pamoja nao. Sikuona sababu ya kuanzisha ubishi na mtu ambaye hajanikosea.

Mtu asije akadhani ni chuki. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, nilikuta kwenye jiwe la kunolea mapanga samaki mbasa mzima amefungwa kwenye jani la mgomba, na nikajua nani amemweka. Akiwa na neno na mimi aliliambia ukuta. Alisimama nyuma ya jiko na kusema, "Mwambieni mkamwana mvua hii haitakatika leo, aingize kakao yake ndani." Jikoni nilikuwa peke yangu, hapakuwa na mtu wa kuniambia. Kama jibu ni ndiyo niligonga mlango mara moja. Kama ni hapana nilinyamaza. Mambo makubwa zaidi yalipita kwa mama mkwe, ambaye aliyapeleka na kuyarudisha pamoja na nyongeza zake, kwa sababu mama yule hajawahi kubeba neno likafika na uzito ule ule.

Mume wangu aliugua wiki mbili, akafa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo kifo kilivyokuja. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake, watu walilia, ngoma zilipigwa, vijana wakaruka mpaka uwanja ukawa vumbi, nami nilikuwa natazama kikombe cha chai kilichosahauliwa karibu na mguu wangu nikiwaza kwamba mtu atakipiga teke. Sikulia. Nilisikia nyuma yangu mwanamke mmoja akisema yule ana moyo wa jiwe. Sikukasirika pia. Ganzi ni kitu cha ajabu, mtu anakutukana na wewe unamsikia kama anatukana jirani.

Sasa nieleze habari ya namba. Chama chetu cha wakulima wa kakao kinampa kila mwanachama namba yake. Bila namba huwezi kupeleka kakao kwenye mzani kwa jina lako, huwezi kunyanyua mkono mkutanoni, huwezi kupiga kura. Zamani mwanachama akifa namba yake ilikwenda kwa mdogo wake, na mjane alirudi kuwa mtu wa kuvuna na kuvundika kakao ya shemeji. Baba mkwe alikuwa mwenyekiti wa chama. Ni yeye aliyesimama mkutanoni, mwaka mmoja kabla ya msiba wetu, akashikilia mpaka ikapitishwa kwamba mjane abaki na namba ya marehemu. Hakujua kwamba anamtengenezea mkamwana wake mwenyewe. Mume wangu alipofariki, namba ikabaki kwangu, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaacha kunisalimia.

Uchaguzi wa mwenyekiti ulipokaribia tena, aliyeshindana na baba mkwe alikuwa bwana mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule barabarani. Huyo hakuficha. Alisema akishika chama, namba za marehemu zitarudi kwenye koo zao, kwa sababu mjane leo yuko hapa, kesho ameolewa Ngana au amevuka Malawi na kakao ya watu. Kwa hiyo kwangu mimi hesabu ilikuwa fupi. Mzee akibaki, nabaki na kakao yangu. Mzee akiondoka, naondoka naye.

Uchaguzi wa nyuma ulikuwa wa karatasi, na karatasi zile niliziandika mimi. Nina kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka hata na mtu aliyesahau miwani. Niliandika jina la baba mkwe karatasi baada ya karatasi, na mtu mmoja akanitania kwamba mbona mkamwana anamtaja mkwe wake. Nikamjibu kuandika si kutamka, na wazee waliotuachia mila hawakuwa na kalamu. Siku ya kura mvua ilinyesha ile ya kwetu, ya kupasua mabati. Ghala likavuja, wino wa karatasi nyingine ukatiririka, wakakaa kubishana hii ni alama au ni tone la maji. Mzee alishinda. Walioshindwa wakasema mwandiko wa mkamwana unamjua mkwe wake. Wakasema nilitia alama kabla ya kugawa. Nilisemwa kisimani, nilisemwa mashineni, nilisemwa hadi kwenye mlango wa kanisa. Mume wangu alikuwa hai wakati ule, na ndiye aliyekasirika kwa niaba yangu.

Kwa hiyo zilipokuja habari za kupiga kura kwa vishikwambi, mzee mwenyewe ndiye aliyevidai. Mkutano ulifanyika ghalani. Nilikaa mwisho kabisa, nyuma ya magunia, nikisikia sauti tu. Mwanachama mmoja mzee alisimama akasema, "Karatasi naiona ikiingia kwenye sanduku. Kwenye hicho kioo kura yangu inaingia wapi? Nikitaka kuihesabu tena, nivunje kioo?" Watu wakacheka, ila swali halikuwa la kijinga, na mpaka leo naona hakujibiwa vizuri. Baba mkwe alisubiri kicheko kiishe. Akasema karatasi inalowa, karatasi inachanika, na karatasi lazima iandikwe na mtu, na mtu huyo ana ndugu. Kisha akasema, "Nimechoka kusikia binti wa watu akiitwa mwizi kwa sababu ana mwandiko mzuri." Hakunitaja. Hakuna aliyegeuka nyuma kunitazama, lakini migongo yao yote ilijua nilipo.

Mafunzo yalikuja wiki moja kabla ya kura. Alitumwa dada mmoja kutoka mjini, mpole, na viatu vyake vilizama kwenye tope letu hadi akaamua kutembea pekupeku. Alitufundisha kwa matunda. Kwenye kioo kulikuwa na ndizi juu na embe chini. Unabonyeza unalotaka, tunda linajaa kioo kizima, halafu chini yake kunaulizwa kama ndilo hilo. Kitufe cha Ndiyo kiko kulia, cha Hapana kushoto. Ukibonyeza Ndiyo kinalia kidogo, basi umepiga kura. Nilichagua embe mara mbili. Vidole vitatu kutoka ukingo wa chini, pale pana embe. Kidole kimoja kutoka ukingo, upande wa kulia, pale pana Ndiyo. Mikono ikizoea kazi huna haja ya macho, muulize yeyote anayepasua kakao kwa panga.

Kisha dada akasema sasa tutawaona wagombea wenyewe. Alikuwa amekuja na kimashine cha kurusha picha ukutani, na ukuta wa ghala letu ni mweupe na mpana. Nikaelewa kwamba uso wa baba mkwe wangu unakaribia kutokea pale, mkubwa kama mlango. Nikainuka nikatoka. Nilisimama kwenye vichanja vya kuanikia, nikageuza punje za kakao ambazo hazikuwa zangu, nikasubiri. Ndani nilimsikia dada akieleza jambo refu, na watu wakiguna kama wameelewa. Walipotoka nilimvuta mjane mwenzangu pembeni. Nikamuuliza, "Mzee wetu yuko juu au chini?"

"Yuko chini," akasema. "Yule wa mashine yuko juu."

Wanasema kuuliza si ujinga. Mimi niliuliza, ila niliuliza nusu.

Siku ya kura niliamka nikavaa nguo ya kanisani. Mvua haikuwepo. Kwenye foleni shemeji alikuwa mbele yangu watu wanne, na hakugeuka. Zamu yangu ilipofika niliingia kwenye kona ya ghala waliyoizungushia turubai. Kishikwambi kilikuwa juu ya meza kimeegemezwa kwenye kikasha. Nilikuwa nimeshusha kanga kichwani mpaka puani, kama ninavyofanya njiani nikisikia kikohozi, na nikafumba macho kabisa kwa sababu kanga zangu zote ni nyepesi. Nikapapasa ukingo wa chini. Vidole vitatu. Nikabonyeza. Nilijua sasa amejaa kioo kizima, yuko mbele yangu ananitazama, na haya ikanishika. Kidole kimoja, kulia. Nikabonyeza. Kikalia.

Nilitoka nikafungua macho uwanjani. Sikuwa na furaha, furaha ilikuwa imenipotea muda mrefu, lakini niliona nimefanya kazi safi. Nimemheshimu mtu na nimemchagua, vyote kwa pamoja.

Matokeo yalitoka kabla chakula cha mchana hakijaiva. Kwenye karatasi tungekaa tukihesabu mpaka mbuzi warudi. Dada alisoma majina mawili na idadi mbili, na baba mkwe wangu alikuwa ameshindwa kwa kura moja.

Kisha yule mzee wa swali la kioo akasimama kwa hasira. Akasema mashine imempendelea aliyewekwa juu, maana mtu yeyote anaanza kutazama juu. Dada akajibu kwa upole wake, kama anayerudia kitu alichokwisha kukisema. "Babu, hakuna aliyekuwa juu. Niliwaeleza siku ile, matunda yalikaa mahali pamoja lakini picha za wagombea hazikai. Kila mpiga kura akiingia, picha zinabadilishana nafasi zenyewe. Mmoja anamkuta huyu juu, anayefuata anamkuta chini. Ndiyo maana tumeweka picha, mtu atazame uso."

Nilisikia sentensi ile vizuri sana. Naikumbuka kuliko maneno ya mchungaji kaburini. Mtu wa tatu kutoka kwangu alikuwa anakula muwa, na niliendelea kumtazama anavyotema makapi. Nilijaribu kufikiri kwamba huenda zamu yangu ilimkuta mzee chini vile vile. Inawezekana. Kioo kile hakina wa kumuuliza. Lakini mtu unaijua kura yako, na mimi niliijua yangu kuanzia pale. Kura moja ukiitoa huku na kuiweka kule inatosha kumwangusha mtu.

Basi mambo yakaenda kama yule bwana alivyoahidi. Mkutano wa kwanza wa uongozi mpya ulirudisha namba za marehemu kwenye koo. Namba ya mume wangu ikawa ya shemeji. Msimu ule nilivuna, nilivundika chini ya majani ya mgomba, nilianika, nikabeba ndoo kichwani mpaka kwenye mzani, na karani akaandika jina la shemeji. Shemeji akaanza kunisalimia tena. "Ugonile," anasema, na mimi naitikia.

Kijiji kikasema mashine imeiba. Kila mtu alikuwa na namna yake ya kueleza jinsi ilivyoiba. Wengine walisema yule bwana amezoea mashine, hata ya kukoboa ni mashine, kwa hiyo zinamsikia. Na kwa sababu mzee ndiye aliyevidai vishikwambi, walimcheka: mchimba kisima huingia mwenyewe. Yeye alisimama peke yake upande mmoja. Nilimsikia kupitia ukuta wa jikoni akimwambia mgeni, "Hapana. Mashine haikuiba. Watu hawakunitaka, basi." Alilisema tena kwa mwingine, na kwa mwingine. Alikuwa anaitetea bila ushahidi wowote. Ushahidi nilikuwa nao mimi, nimekaa upande wa pili wa ukuta nachambua dagaa wa usipa.

Huwa naulizwa, kwa kuwa nimesoma kidogo, kipi bora, karatasi au kompyuta. Sina upande. Karatasi iliniita mwizi nami sikuiba. Kishikwambi kiliitwa mwizi na chenyewe hakikuiba, kilihesabu kidole changu kama nilivyokiweka. Kwenye karatasi jina lilikuwa mahali pamoja na halikuhama, hilo nalikumbuka. Lakini na mimi ningeweza kufumbua macho.

Nilinyamaza msimu mzima. Nikisema sikulala nitakuwa nadanganya, nililala kama gogo. Hiyo ndiyo ganzi. Kilichonitoa ni kitu kidogo. Asubuhi moja niligundua kwamba kikohozi sikisikii tena. Mzee hakuwa anapita. Hakwenda ghalani, hakwenda kwenye pombe, baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye mgomba na kuku alikuwa ametagia kwenye kapu lake. Nikaogopa. Ilikuwa mara ya kwanza kuogopa tangu msiba, na niliona ajabu kwamba bado naweza.

Siku hiyo tulikuwa tunamenya ndizi na mama mkwe. Nikamwambia yote, kuanzia kanga mpaka kidole. Akaacha kisu.

"Mwanangu, ulifumba macho?"

"Nilifumba, mama."

"Mbele ya picha?"

"Mbele ya picha."

Akacheka. Alicheka mpaka akajifuta kwa ncha ya kitenge, akasema Kyala wangu, Mungu wangu, mkamwana gani huyu, anamwonea haya mtu wa kwenye kioo. Kisha kicheko kikakatika, akakaa akitazama maganda. "Yule mzee," akasema, "anajua ni watu wamemkataa. Kila siku ananihesabia nyumba, nani alimpa, nani alimnyima. Wewe alikuhesabu wa kwanza kati ya waliompa." Akainuka bila kumaliza ndizi, na nikajua safari hii neno litafika bila nyongeza.

Kesho yake asubuhi nilikuwa uani nimeinama nageuza kakao ya shemeji kwenye kichanja. Sikusikia kikohozi. Nilichoona ni miguu, na ule wa kulia hauna kidole gumba. Nikavuta kanga, nikageuka niondoke.

"Simama," akasema. Hakuuambia ukuta. "Ni kweli aliyonieleza mama yako?"

Nikatafuta mlango wa kugonga. Hapakuwa na mlango. Nikatikisa kichwa kukubali.

Nilisikia anapumua kama mtu aliyetua mzigo. "Kwa hiyo ulinipa."

Nikatikisa tena.

"Ndaga," akasema. "Ndaga fijo, asante sana." Kisha akasema, "Haya, nitazame. Nimezeeka, sitaki kupotea tena kwa sababu ya heshima. Nitazame unijue."

Sijui kama kuna utaratibu wa kuifungua mila ile. Nadhani upo, na wazee wangepaswa kukaa. Yeye hakufuata wowote, alisimama tu na malapa yake kwenye tope. Nikaondoa kanga usoni. Nikainua macho taratibu, magoti, mkanda, vifungo vya shati, kidevu.

Alikuwa mume wangu. Nyusi zile zile zilizoungana, pua ile ile, mdomo wa chini ule ule unaoanza kushuka upande wa kushoto kabla hajasema neno. Mume wangu mwenye mvi, mwenye mikunjo ambayo hakuifikia. Miaka kumi na sita hakuna aliyewahi kuniambia, kwa sababu kila mtu alikuwa anaiona na hawakudhani ni habari. Siku ile ghalani, kama ningefumbua macho mara moja tu, nisingehitaji jina wala juu wala chini. Ningemtambua kabla ya kupumua.

Nililia. Nililia kwa sauti, kilio cha msibani kilichochelewa, mpaka mama mkwe akatoka ndani akasimama mlangoni na mwiko. Mzee hakujua afanye nini na mikono yake. Niliendelea kumtazama huku nalia, nikamtazama mno, mpaka haya ikamshika yeye akainamisha uso.

"Usiinamishe, baba," nikamwambia. Ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kusema naye.